Tumelipa milioni 30, deni limeshuka milioni moja na nusu. Chenji ya sokoni itasaidia nini?

SWALI: Mimi ni muuguzi, mume wangu ni fundi magari ameajiriwa gereji. Tunaishi Kigamboni, watoto watatu na dada wa kazi. Miaka mitatu iliyopita tulikopa benki milioni 60 tukanunua nyumba tunayokaa, riba asilimia 16 kwa mwaka, miaka 20. Kila mwezi zinakatwa 834,754. Juzi nimeomba taarifa ya mkopo nikakuta tumeshalipa zaidi ya milioni 30 lakini deni bado ni milioni 58 na laki nne. Nililia. Tumeibiwa? Nimeanza kuandika matumizi ya nyumbani kwenye daftari (picha nimekutumia) ili tubane tulipe mapema. Mume wangu anasema hela ya nyanya haiwezi kulipa nyumba, heri tuweke UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au tununue kiwanja kingine. Nani yuko sahihi? Na mgao wangu wa kikoba wa Desemba, milioni moja na nusu, tuupeleke kwenye deni?

JIBU: Dada yangu, pole. Nimekaa dawati la mikopo miaka mingi na machozi hayo nayafahamu. Watu wengi huomba taarifa ya mkopo mara ya kwanza mwaka wa tatu au wa nne, na wote hushtuka kama ulivyoshtuka wewe. Hamjaibiwa. Nimepiga hesabu yenu upya na deni linalotakiwa kuwepo baada ya marejesho 36 ni 58,407,510, sawa na taarifa yako. Ila kuna jambo ambalo mtu wa benki alipaswa kukaa nanyi na karatasi na kalamu awaeleze siku mnatia saini, na inaelekea hakufanya hivyo.

Riba ya mkopo wa nyumba huhesabiwa kila mwezi kwenye deni lililobaki. Mwezi wa kwanza mlikuwa na deni la milioni 60. Asilimia 16 ya mwaka ukiigawa kwa miezi 12, riba ya mwezi ule ni 800,000 kamili. Mlilipa 834,754. Toa 800,000, inabaki 34,754. Hiyo ndiyo iliyopunguza deni. Mwezi uliofuata deni lilikuwa dogo kidogo, riba ikashuka shilingi mia nne na ushee, na mwendo ukawa huo huo. Miaka mitatu nzima, katika milioni 30 na elfu 51 mlizolipa, zilizogusa deni lenyewe ni 1,592,490. Nyingine zote ni riba.

Chanzo ni urefu wa muda. Zamani hapa kwetu mkopo wa nyumba ulikuwa wa miaka michache na wachache waliuweza, wengi tukijenga tofali kwa tofali. Baada ya sheria za mwaka 2008 na kuanzishwa kwa TMRC mwaka 2010, kampuni inayoyapa mabenki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, muda ukarefuka hadi miaka 20, hata 25. Ni jambo jema, maana ndilo lililomwezesha muuguzi na fundi kupata nyumba. Lakini lina bei. Milioni 60 hizo hizo kwa miaka 10 mngelipa kama 1,005,000 kwa mwezi, na jumla yake ni milioni 120 na laki sita. Kwa miaka 20 rejesho limepungua laki moja na sabini tu, ila jumla inafika milioni 200.

Sasa nije kwenye hela ya nyanya, maana ndilo swali lenyewe.

Shemeji anaipima chenji ya sokoni na milioni 58, na kwa kipimo hicho mtu yeyote angekata tamaa. Mimi nakuomba uipime na namba nyingine. Mwezi huu, katika 834,754 zitakazokatwa, riba ni 778,767. Deni litapungua kwa 55,987. Hiyo 55,987 ndiyo unayoshindana nayo. Ukipata laki moja ya ziada ikaenda yote kwenye deni la msingi, yaani kwenye mkopo wenyewe na siyo kwenye riba, mwezi huu deni litapungua kwa 155,987. Karibu mara tatu. Kwa laki moja umefanya kazi ambayo rejesho lenu la kawaida lingehitaji karibu miezi miwili kuifanya.

Hesabu kamili ni hii. Mkiendelea kama mlivyo, mmebakiza miezi 204, miaka 17. Mkiongeza 50,000 kila mwezi mtamaliza kwa miezi 161, na riba mtakayookoa ni kama milioni 28 na nusu. Mkiongeza 100,000 mtamaliza kwa miezi 136, yaani miaka 11 na miezi 4, na mtaokoa karibu milioni 44. Mkiweza 150,000, ni chini ya miaka 10. Zisome namba hizo pamoja na shemeji, jioni, watoto wakishalala. Angalia vilevile kwamba elfu hamsini ya kwanza inaokoa miezi 43 na elfu hamsini ya pili inaongeza miezi 25. Ile ndogo ya mwanzo ndiyo yenye nguvu kubwa, kwa hiyo msisubiri mpaka mpate laki.

Kabla hujabana hata shilingi moja, nenda benki. Nakuambia kwa uchungu, maana mimi mwenyewe, pamoja na kazi yangu, niliwahi kulipa ziada kwenye mkopo wa nyumba yangu miezi minane mfululizo bila kuandika barua. Benki ile ilizipokea fedha ikaziacha kwenye akaunti, kisha ikazitumia kama marejesho ya miezi ya mbele. Deni la msingi halikuguswa. Miezi minane ya kujinyima, na riba ilihesabiwa vile vile kana kwamba sikulipa kitu. Tangu siku hiyo kila anayekuja kwangu namwandikia maneno haya ayapeleke kwa barua: malipo yote ya ziada yaelekezwe kwenye deni la msingi siku yanapopokelewa, rejesho la mwezi libaki 834,754, kinachopungua kiwe ni muda wa mkopo. Maneno ya kati, ya rejesho kubaki pale pale, ni muhimu kuliko yanavyoonekana, kwa sababu baadhi ya mabenki, ukilipa ziada, hukupunguzia rejesho na kuacha muda ule ule. Ukiona rejesho limeshuka unafurahi, halafu miaka 17 iko pale pale. Barua iwe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Uliza pia mambo matatu ukiwa hapo hapo. La kwanza, riba yenu inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wa awali? Kwa namba ulizonipa ni salio linalopungua, na hilo ndilo linalofanya kazi yote hii iwe na maana. Ingekuwa ya mkopo wa awali ningekuambia uachane na mpango huu. La pili, kuna ada ya kulipa mapema? Soma mkataba, usimwamini mtu kwa mdomo. Ada ikiwa asilimia 1, kwa laki tatu ni shilingi elfu tatu, haikuzuii. Ikiwa kubwa, pigeni hesabu upya. La tatu, kuna kiwango cha chini cha malipo ya ziada? Kama hawapokei chini ya laki tatu, kusanyeni kwenye akaunti ya pembeni na kupeleka kila miezi mitatu. Mtapoteza kidogo sana.

Kisha uhakikishe. Ukiweka laki moja kwenye deni la msingi, riba ya mwezi unaofuata lazima ishuke kwa 1,333 zaidi ya inavyoshuka kawaida. Ukiweka laki tatu, ni 4,000. Omba taarifa mwezi ule ule uangalie. Isiposhuka, hela yako imekwenda kwingine, na unarudi dawatini na nakala ya barua yenye muhuri.

Turudi kwenye daftari. Nimelipitia ukurasa kwa ukurasa, na nakusifu, maana umeandika hata ubuyu wa watoto. Kwa mwezi: chakula 520,000, vidogo vidogo 112,000, michango 95,000, bodaboda 78,000, gesi na mkaa 58,000, bando na vocha 54,000, umeme 46,000.

Kwenye chakula sikushauri kula vibaya. Tatizo naloliona ni kununua kidogo kidogo. Mchele kilo mbili mbili dukani, mafuta ya kupima kila siku mbili, sukari robo. Muuza duka anastahili faida yake, lakini wewe unamlipa faida hiyo mara 15 kwa mwezi. Mchele na maharage vina msimu: wakishavuna nyanda za juu, kuanzia katikati ya mwaka, bei hulegea. Ungeni majirani watatu, chukueni gunia moja mgawane, na pakuhifadhia pawe pakavu. Mafuta ya dumu la lita 20 ni nafuu, ila nina angalizo nililojifunza kwa mama yangu mzazi: dumu likiwa jikoni mkono unakuwa mwepesi. Mimina ya wiki kwenye chupa ndogo, dumu lifungiwe chumbani. Vitunguu na viazi nunua kwa sado au debe, vinakaa. Nyanya usithubutu, kwa joto la Kigamboni nusu itaoza na utakuwa umetupa akiba yako jaani. Nyanya ni za wiki moja tu.

Na wewe una bahati ambayo sijui kama umeiona. Umeandika unatoka zamu ya usiku mara nane kwa mwezi, unavuka kwa pantoni asubuhi. Soko la samaki la Feri lipo hatua chache kutoka unapopandia. Saa hizo boti zimeshusha na mnada uko moto. Tafuta muuguzi mwenzako wa kuchangia ndoo, mgawane, samaki wa wiki waingie kwenye friji. Ukurasa wako wa samaki unaonyesha unanunua jioni, mtaani, kwa fungu, samaki wale wale wakiwa wameshapita mikono mitatu.

Maharage yalowekwe usiku. Ukiwa na jiko la presha la umeme, kuyaivisha hakumalizi unit moja, wakati kwenye mkaa unachoma mchana kutwa. Kuhusu umeme wenyewe, chukua risiti ya LUKU ugawe hela kwa unit. Yako inakuja kama shilingi 356 kwa unit, kwa hiyo mnatumia unit 129 hivi. Zima ile hita ya kuogea, mwili hauihitaji pwani isipokuwa mtoto akiumwa, na pasi ipigwe mara moja kwa wiki kwa nguo zote. Mpira wa mlango wa friji ukague kwa karatasi: ukifunga mlango karatasi ikachomoka kirahisi, badilisha mpira.

Vidogo vidogo ndipo penye hela. Soda, chipsi, maandazi ya asubuhi kwa watu sita, elfu elfu za watoto shuleni. Sikuambii uvifute. Chagua viwili vihamie nyumbani, maandazi na vitafunwa vya shule, na dada wa kazi umwongezee kidogo kwa kazi hiyo ya alfajiri. Bando za siku zigeuzwe za mwezi. Bodaboda ya kutoka pantoni, mkiwa wawili au hamjabeba mzigo, iwe daladala.

Kwa makadirio yangu: chakula 45,000, vidogo vidogo 40,000, bando 20,000, boda 18,000, umeme 12,000. Jumla 135,000. Nataka muahidi benki 100,000 tu. Ile 35,000 iacheni, kwa sababu utakuja mwezi wa sare za shule, utakuja mwezi wa mgonjwa, na mpango usio na nafasi ya kupumua huvunjika mwezi wa tatu. Nimeiona ikivunjika mara nyingi mno.

Ila nisikilize hapa kuliko mahali pengine pote. Akiba ya kwenye daftari haipo mpaka ihame. Ukisubiri mwisho wa mwezi uone kilichobaki kutokana na kubana, hakitabaki kitu, kwa sababu hela isiyo na kazi nyumbani hupata kazi yenyewe. Siku ya mshahara, saa ile ile, laki moja iende akaunti ya mkopo kwa agizo la kudumu benki. Halafu muishi na iliyobaki, na daftari likusaidie kuishi nayo. Wanaoanza kwa kuhamisha ndio ninaowaona wakirudi kuomba hati zao.

Yapo ambayo sitaki uyaguse. Bima ya afya. Mayai, maziwa na dagaa wa watoto. Mshahara wa dada wa kazi, ambaye ndiye anayewawezesha ninyi wawili kwenda kazini. Hela ya mama mkwe kijijini. Michango ya harusi na misiba sikuambii uiache, tunaishi na watu, lakini kaeni mwezi Januari mpange fungu la mwaka, mlijue nyote wawili, na likiisha mnachangia kwa mikono na muda.

Umeniuliza pia kuhusu mgao wa kikoba wa Desemba, milioni moja na nusu. Kihesabu ni kitu cha ajabu: ikiingia leo kwenye deni la msingi inakata miezi 23 ya mwisho, zaidi ya milioni 19 za marejesho. Naujua mvuto wake. Hata hivyo mgao wa mwaka huu nisingeupeleka benki. Hamna akiba ya dharura hata shilingi, na shemeji yuko gereji ya mtu binafsi. Hela ikishaingia kwenye mkopo wa nyumba hairudi. Mtoto akilazwa usiku, mtakimbilia mikopo ya simu au ya kausha damu, na riba zake zitafuta yote mliyojenga. Wekeni mgao huu pahala pa kutolewa ndani ya siku chache, mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Wa mwaka ujao na unaofuata, benki.

Hapo namkuta shemeji. Hajakosea kuipenda UTT, na kwa akiba ya dharura nimeitaja mimi mwenyewe. Lakini mfuko ukiwapa asilimia 12 na deni likiwala 16, kila laki mnayoweka huko badala ya kwenye deni inawagharimu elfu nne kwa mwaka. Kulipa deni la asilimia 16 ni sawa na kupata faida ya asilimia 16 ambayo haina hatari yoyote. Wapo wanaosema mfumuko wa bei utalila deni. Hapa Tanzania kwa miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia 3 hadi 4, hauwezi kushindana na 16. Kiwanja cha pili kisubiri. Kiwanja hakilipi rejesho, na kukifyekea na kukilinda ni gharama.

Kuna jambo moja amelisema sawa, nalo ni kwamba hela kubwa hutoka kwenye kipato. Siku zake za Jumapili za kutengeneza magari ya watu mtaani, na nyongeza yako ya mshahara ikija, nusu ya hizo ikienda kwenye deni kabla hamjaizoea itafupisha safari kuliko sado yoyote. Mwambie jikoni na gereji vinavuta kamba moja. Na benki ikipunguza riba siku yoyote, endeleeni kulipa kile kile mlichokuwa mkilipa. Ikipandisha, ombeni jedwali jipya siku hiyo hiyo mjue mko wapi.

Siku ya mwisho ikifika, msikubali kukabidhiwa hati na kupeana mikono tu. Nyote wawili mlitia saini kuweka nyumba rehani, kwa kuwa ni nyumba ya ndoa, na rehani hiyo imeandikishwa kwa Msajili wa Hati. Benki inapaswa kuwapa nyaraka za kuiondoa, nanyi mhakikishe imefutwa kwenye daftari la Msajili. Ulizeni pia kama kuna sehemu ya bima ya mkopo inayorudishwa kwa kumaliza mapema. Kwa sasa nenda benki wiki hii na ile barua, na ukipata jedwali jipya la marejesho nitumie picha yake, nilipitie mstari kwa mstari.